Kupe, Kibaraka, Chawa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Majina ya Kubeza Katika Siasa

Majibu haya yanahusu majina ambayo wanasiasa, wafuasi wao na wakati mwingine serikali zenyewe huwabandika wapinzani wao, hasa Tanzania na Kenya, ambako mengi ya majina hayo yamezaliwa au kupevuka ndani ya Kiswahili chenyewe. Maana zinazoelezwa hapa ni zile ambazo neno hubeba jukwaani na mtaani, na mara nyingi hizo hazilingani na zile za kamusi.

Jina la kubeza katika siasa ni nini, na linatofautianaje na tusi?

Tusi humlenga mtu na kuishia kwake. Jina la kubeza la kisiasa humtoa mtu miongoni mwa wenye hoja na kumweka katika kundi ambalo hukumu yake imeshatolewa. Ukimwita diwani mjinga, umemtukana. Ukimwita kibaraka, umedai kwamba anayoyasema si yake, kwamba yupo anayemtuma, na kwamba kwa sababu hiyo hakuna haja ya kumjibu. Shtaka, ushahidi na hukumu vimefungwa pamoja ndani ya neno moja, na aliyelitamka hadaiwi kuthibitisha lolote.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza unapolisikia jina la namna hii ni hili: linadai kwamba mtu huyu amefanya nini? Mlanguzi anadaiwa kufanya kitendo fulani, na kitendo kinaweza kuchunguzwa. Msaliti anadaiwa kuwa na moyo fulani, na moyo hauchunguziki kwa urahisi. Kadiri jina linavyohama kutoka kwenye kitendo kwenda kwenye nafsi, na kutoka kwenye nafsi kwenda kwenye kabila au mahali mtu alipozaliwa, ndivyo linavyozidi kuwa la hatari, hata kama linatamkwa kwa mzaha na watu wanacheka.

Kwa nini majina mengi ni ya wanyama na wadudu?

Kwa sababu mnyama hubeba hoja nzima bila maelezo. Kupe hunenepa kwa damu asiyoitafuta. Chawa huishi kwenye mwili wa mwenziwe na hawezi kuuacha. Nyumbu huhama kwa makundi, mmoja akijitosa mtoni na wengine hujitosa. Beberu, mbuzi dume, huwasumbua wenziwe zizini kwa ubabe wake. Wengi waliokuwa wakihudhuria mikutano ya hadhara ya miaka ya 1960 walikuwa wakulima na wafugaji, na kwao kupe hakuhitaji ufafanuzi wowote.

Sarufi nayo imo kazini. Kiambishi ma- hukuza kitu na wakati huohuo hukitia ubaya, na ndiyo maana mabepari, mafisadi na mabeberu hukaa vizuri sana kinywani mwa mtu mwenye hasira. Wanachama wa CCM, chama tawala cha Tanzania, na wa CHADEMA, chama cha upinzani, hujiita wana-CCM na wanachadema. Wasiowapenda huandika «maccm» na «machadema», na kila msomaji hujua kwamba ameshaingia kwenye ugomvi kabla ya kuifikia hoja.

«Kupe» na «mnyonyaji» yalikuwa matusi au dhana za kisiasa?

Yalianza kama dhana. Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa ya Tanzania lililotangazwa Februari 1967, lilieleza kwamba nchi ya ujamaa ni nchi ya wafanyakazi, isiyo na ubepari wala ukabaila, na lilitaja wazi wanaoruhusiwa kuishi kwa jasho la wengine bila kuwa wanyonyaji: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao nchi haijaweza kuwapatia kazi. Kwa viongozi lilikuwa kali zaidi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha, na neno kiongozi lilimhesabu pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Mnyonyaji, kwa maana hiyo, alikuwa mtu anayetambulika kwa jinsi anavyopata kipato chake, na kiongozi wa TANU, chama tawala cha wakati huo, aliweza kuwa mnyonyaji sawa na mwenye duka.

Mtaani ufafanuzi huo haukudumu. Kupe akapata sura, na mara nyingi sura hiyo ikawa ya mwenye duka au mwenye nyumba wa Kihindi. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, waliopoteza mali walikuwa kwa sehemu kubwa Watanzania na wakazi wenye asili ya Asia, na wengi wao waliondoka nchini katika miaka iliyofuata. Sheria yenyewe haikumtaja mtu kwa asili yake. Lakini neno lililokuwa likieleza uhusiano wa kiuchumi lilikuwa limeshaanza kueleza kundi la watu, na aliyelitumia kwa maana ya pili aliweza kujificha nyuma ya maana ya kwanza.

«Mhujumu uchumi» na «mlanguzi» yaligeukaje kuwa makosa ya jinai?

Hapa tunaona jina likitoka jukwaani na kuingia kwenye kitabu cha sheria, na pengine hakuna mfano ulio wazi zaidi katika historia ya Tanzania.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha za nchi, bei ya mafuta ilikuwa juu, mashirika ya umma yalikuwa yanazalisha chini ya uwezo, na sabuni, sukari na unga vilipatikana kwa foleni au kwa mlango wa nyuma. Sababu hizo zote ni ngumu kuzisimulia jukwaani. Mlanguzi, yaani mtu anayenunua bidhaa, kuzificha na kuziuza kwa bei ya kuruka, ni rahisi kumsimulia kwa sababu kila mtu amemwona. Machi 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianza operesheni ya nchi nzima dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na watu wengi walikuwa wameshakamatwa wakati Bunge linapitisha sheria maalumu ya hujuma za uchumi mwaka huohuo. Chini ya sheria hiyo kesi zilisikilizwa na baraza maalumu, mshtakiwa hakuwa na haki ya dhamana, na hakuruhusiwa kuwakilishwa na wakili.

Wapo wanaomkumbuka Sokoine kwa heshima kubwa kwa sababu ya operesheni hiyo, na heshima hiyo haikutoka hewani, kwani ulanguzi ulikuwepo na uliwaumiza watu wa kipato cha chini kuliko wote. Hata hivyo ni vigumu kukwepa kuona kilichofanywa na jina. Mtu aliyeficha mamia ya magunia na mtu aliyekutwa na katoni chache za sabuni waliitwa kwa neno moja, na neno lenyewe, «hujuma», lilidai kwamba wote wawili walikusudia kuiangusha nchi. Mwaka 1984 sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine iliyorudisha kesi hizo mikononi mwa Mahakama Kuu na kuruhusu mawakili. Uhujumu uchumi umebaki katika sheria za Tanzania mpaka leo, na kila unapotajwa katika hati ya mashtaka, neno la jukwaani la mwaka 1983 huingia nalo mahakamani.

Nani anaitwa «kibaraka», na nani anaitwa «beberu»?

Majina haya hutembea pamoja: beberu yuko nje, kibaraka yuko ndani. Katika miaka ya ukombozi wa kusini mwa Afrika maneno hayo yalikuwa na vitu halisi vya kuonyesha. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitoka miezi michache baada ya Wareno kuivamia Guinea na wiki chache tu baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote nchini Uganda, na Tanzania ilikuwa na wapigania uhuru wa Msumbiji katika ardhi yake. Kuzungumzia ubeberu wakati huo kulikuwa ni kuzungumzia majeshi, mabomu na mipaka.

Tatizo huanza pale neno linapobaki wakati kitu chake kimeondoka. Katika urais wa John Magufuli, kuanzia 2015 hadi 2021, «mabeberu» lilirudi kwa nguvu katika hotuba. Safari hii liliwahusu mara kampuni za madini zilizodaiwa kodi, mara wafadhili, na mara watu wasiotajwa kabisa. Madai dhidi ya kampuni za madini yalikuwa na hesabu zake, na mtu aliweza kuyajadili kwa hesabu. Lakini jina lilipopanuliwa, mwananchi aliyekosoa jambo la ndani kabisa, kama vile takwimu au haki za uchaguzi, aliweza kuambiwa kwamba anatumika na mabeberu, na mjadala ukaishia hapo. Kenya nayo ilikuwa na toleo lake enzi za utawala wa chama cha KANU, ambapo wapinzani walishutumiwa kila mara kwamba wana mabwana wa kigeni.

Kwa nini «Hizbu» ni neno zito Zanzibar ilhali maana yake ni «chama» tu?

Hizbu lilikuwa jina la kawaida la Zanzibar Nationalist Party, na wafuasi wake walilitumia bila aibu. Kipindi cha kuanzia 1957 hadi 1964, ambacho wazee wa Unguja na Pemba wanakiita zama za siasa, kiligawa misikiti, maduka, mazishi na hata harusi kwa vyama. Fujo za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti vichache kuliko muungano wa Hizbu na chama cha ZPPP, na serikali iliyotokana na viti hivyo ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru.

Baada ya hapo jina la chama likageuka tuhuma. Kuitwa Hizbu kulimaanisha kwamba unatamani Sultani arudi, na tuhuma hiyo ilimfuata mtu kwenye ajira na kwenye masomo ya watoto wake. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 neno lilifufuliwa: Chama cha Wananchi, CUF, kilichokuwa na nguvu kubwa Pemba, kiliitwa na mahasimu wake Hizbu mpya, na vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya Mapinduzi wakajikuta wanaitwa kwa jina la chama ambacho hawakuwahi kukiona. Neno hili linaonyesha kwamba jina halihitaji kuwa na ubaya wowote ndani yake. Ubaya huwekwa na yaliyotendeka, na huweza kurithiwa.

Je, «fisadi» ni jina la kubeza au ni shtaka halali?

Ni vyote viwili, na hapo ndipo ugumu ulipo. Katika Kiswahili cha zamani fisadi alikuwa zaidi mtu mwovu wa tabia, mharibifu wa wake na mabinti za watu. Maana ya mwizi wa mali ya umma ilishika nafasi ya mbele polepole, na ikatawala kabisa baada ya tarehe 15 Septemba 2007, pale Willibrod Slaa, mbunge wa CHADEMA, aliposimama katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, na kusoma orodha ya watu kumi na mmoja aliowaita mafisadi. Orodha ile ilikuwa na majina na madai mahususi, na kwa kipimo tulichokitaja mwanzo ilikuwa bora kuliko hotuba nyingi za aina yake, kwa sababu madai yaliweza kujibiwa au kupelekwa mahakamani.

Kilichofuata hakikuwa nadhifu kiasi hicho. Neno likasambaa hadi likawafikia watu ambao hakuna aliyewataja kwa kitendo chochote, na katika uchaguzi wa 2015, baada ya wanasiasa kadhaa wakubwa kuhama vyama, watu walewale walikoma kuwa mafisadi kwa upande mmoja na wakaanza kuwa mafisadi kwa upande wa pili, bila ushahidi mpya kuletwa popote. Anayetaka kulitumia neno hili kwa uadilifu anapaswa kuweza kusema ni mali gani, ya nani na lini. Asipoweza, ana tuhuma tu mkononi.

«Madoadoa» lina ubaya gani, nalo linafanana na majina yaliyotumika Rwanda?

Doa ni alama chafu kwenye nguo safi. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, tangu machafuko ya miaka ya 1990, «madoadoa» lilitumika kwa watu wa makabila yaliyohesabiwa kuwa ya kuja, na kauli ya «kuondoa madoadoa» ilieleweka na wasemaji na wasikilizaji bila kufafanuliwa. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ilihesabu vifo 1,133. Neno hili haliwezi kuokolewa na kipimo chochote cha kitendo, kwa sababu halidai kwamba doa limefanya kitu. Kosa lake ni kuwa mahali lilipo.

Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno yaliyohesabiwa kuwa ya chuki, na «madoadoa» lilikuwamo. Orodha ilizua ubishi kwa kuwa iliweka pia «hatupangwingwi», kaulimbiu ya kambi ya William Ruto yenye maana ya kukataa kupangiwa mambo. Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, kuyaweka maneno hayo mawili katika kapu moja kulilipunguzia uzito lile lililostahili uzito.

Kuhusu Rwanda, «inyenzi», yaani mende, lilitumiwa tangu miaka ya 1960 kwa wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa wakishambulia kutoka nje ya mpaka. Katika miaka ya 1990 gazeti la Kangura na kituo cha redio cha RTLM vililipanua hadi likamhusu Mtutsi yeyote, mkulima, mwalimu au mtoto. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze mwezi Desemba 2003 kwa kazi ya vyombo hivyo, ingawa rufaa ya 2007 ilifuta sehemu ya makosa na kupunguza vifungo. Si kila jina la kubeza linaelekea huko, na ni utovu wa uangalifu kumwambia kila anayemwita mwenziwe nyumbu kwamba anaandaa mauaji. Linalofanana ni njia: jina la mtu mwenye silaha lilihamishiwa kwa jirani asiye nayo.

Kwa nini wengine hulipokea jina la kubeza na kulifanya lao?

Kwa sababu jina lililopokelewa kwa kicheko hupungua makali. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alimtania naibu wake, William Ruto, kwamba anatangatanga nchini kila wikendi, na haikuchukua muda wafuasi wa naibu huyo wakajiita Tangatanga kwa fahari. Tanzania ilishuhudia kinyume chake: mwaka 2011 CCM ilitangaza yenyewe mpango wa «kujivua gamba», kwa maana ya kuondoa viongozi wenye tuhuma, na wapinzani wakalidaka neno na kuwaita wanachama wake magamba. «Chawa» lilikuwa dharau kwa wanaojipendekeza kwa wakubwa. Leo wapo wanaojitambulisha hadharani kuwa chawa, wakitaja na wanayemhudumia, na dharau imegeuka kuwa kazi yenye kipato.

Mfano mzito kuliko yote ni Mau Mau. Wapiganaji wa msituni nchini Kenya walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Mau Mau lilikuwa jina lililoenezwa na serikali ya kikoloni na magazeti yake likiwa na harufu ya ushirikina na unyama. Serikali hiyo ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1950, na jambo la kushangaza ni kwamba marufuku hiyo ilidumu hadi 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Wazee waliofungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza, ambayo mwaka 2013 ilikubali kuwalipa fidia zaidi ya watu 5,000, walijitambulisha kama wapiganaji wa Mau Mau, kwa jina lilelile walilobandikwa na aliyewatesa.

Majina ya mitandaoni kama «buku saba», «mataga» na «wafia legasi» yanamaanisha nini?

«Buku saba», au «Lumumba buku saba», hudai kwamba anayeitetea CCM mtandaoni analipwa shilingi elfu saba na ofisi ya chama iliyoko mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. «Nyumbu» ndilo jibu la upande wa pili, likidai kwamba wafuasi wa CHADEMA humfuata kiongozi wao popote anapogeukia. «Mataga» lilitengenezwa kwa herufi za mwanzo za kauli ya Donald Trump iliyogeuzwa kuhusu Tanzania, «Make Tanzania Great Again», na liliwalenga washabiki wa Magufuli. Baada ya kifo chake Machi 2021, waliozidi kumsifu waliitwa wafia legasi, yaani walio tayari kufa kwa ajili ya urithi aliouacha. Mengi ya majina haya ni utani wa kijiweni uliohamia kwenye simu, na hayastahili hofu kubwa. Yanayostahili kuangaliwa ni yale yanayotaja kundi la kisiasa kwa jina la kabila, kwa kuwa wasio na siasa yoyote wa kabila hilo huingizwa humo bila kuulizwa.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza lakini haiuruhusu kufikia propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inatoa adhabu ya hadi shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi yanayochochea chuki ya kikabila au ya rangi. «Chawa» na «kibaraka» haviguswi na sheria hiyo, «madoadoa» linaguswa. Tanzania inalinda uhuru wa maoni katika ibara ya 18 ya Katiba, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza maudhui ya ubaguzi wa rangi na matusi yanayotokana na ubaguzi huo. Mtu aliyeitwa fisadi au mwizi na akaona amechafuliwa jina anaweza pia kufungua kesi ya madai ya kashfa, na hapo ndipo aliyesema hutakiwa kuthibitisha.

Mwandishi wa habari alitumieje jina la kubeza lililotamkwa na mwanasiasa?

Ni bora alinukuu kwa alama za kunukuu, amtaje aliyelisema, na katika maneno yake mwenyewe arudi kwenye cheo na jina la mtu. «Mbunge amewaita wapinzani wa mradi huo vibaraka» ni taarifa. «Vibaraka wapinga mradi» ni kazi ya mbunge iliyofanywa na mhariri. Kwa majina ya kikabila ni bora kueleza kwamba lilitamkwa neno la chuki bila kulirudia kwenye kichwa cha habari.

Je, majina haya hufa?

Baadhi hufa pale kitu kilichoyalisha kinapoondolewa. Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar mwaka 1991 na kulegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha, kiongozi aliruhusiwa kuwa na hisa na nyumba za kupangisha, na tangu hapo ilikuwa vigumu kwa chama kumwita mtu kabaila kwa kufanya kilichoruhusiwa kwa mwenyekiti wa tawi. «Bwanyenye», yaani tajiri mwenye mali nyingi, sasa linasikika zaidi katika madarasa ya historia. «Wabenzi», lililowahusu wakubwa wa baada ya uhuru waliotembelea magari ya Mercedes-Benz, wazee bado wanalielewa, ila magari ya msafara yamebadilika na vijana wana majina mengine. «Kabwela», jina la mtu wa chini ambalo watu walijiita wenyewe kwa kujihurumia na kutaniana, bado linatumika.